Homa Si Jina la Ugonjwa: Msamiati wa Kwanza wa Mwanafunzi wa Afya Mlimani Kilimanjaro

Mwanafunzi anayeanza masomo ya sayansi za afya mjini Moshi hupewa mapema orodha ndefu ya istilahi za Kiingereza zenye mizizi ya Kilatini na Kigiriki, naye huzikariri ili afaulu mtihani wa anatomia, yaani elimu ya maumbile ya viungo vya mwili, na wa fiziolojia, yaani elimu ya namna viungo hivyo vinavyofanya kazi. Orodha hiyo ni ya lazima, kwa kuwa vitabu, majalada ya wagonjwa na barua za rufaa huandikwa kwa lugha hiyo. Lakini mgonjwa anayeteremka kutoka Uru, Kibosho au Rombo hueleza maradhi yake kwa Kiswahili, na pengine kwa Kichagga kinachofasiriwa na mjukuu aliyemsindikiza, kwa hiyo kazi ya kwanza ya mhudumu wa afya, kabla hajashika kifaa chochote, ni kuvusha maana kutoka msamiati mmoja hadi mwingine bila kuipotosha. Kazi hiyo hufundishwa kidogo mno, na madhara yake huonekana wodini.

Mkoa wa Kilimanjaro ni mahali panapofaa kulipima suala hili, kwa sababu eneo lake ni dogo ilhali taasisi zake za afya ni nyingi na za muda mrefu. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na chuo chake cha udaktari kilianza mwaka 1997. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilicho katika eneo hilohilo kimekuwa kikipokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1992. Machame na Kibosho zina vyuo vya uuguzi vilivyokua kando ya hospitali za misheni. Na upande wa magharibi wa mlima, wilayani Siha, ipo Kibong'oto, hospitali ya kifua kikuu iliyoanza miaka ya 1920. Yanayotokea katika taasisi hizo yanaonyesha kwamba msamiati wa msingi wa afya ni mfumo wa tofauti, na kwamba asiyezijua tofauti hizo katika lugha ya mgonjwa atazikosea hata kama amezikariri katika lugha ya kitabu.

Tofauti ya kwanza ni ile iliyopo kati ya dalili, ishara na ugonjwa. Dalili ni kile anachokihisi mgonjwa na kukisema mwenyewe, kama vile maumivu, kichefuchefu, kizunguzungu au uchovu, na hakuna mtu mwingine awezaye kukiona. Ishara ni kile ambacho mhudumu hukiona, hukisikia, hukigusa au hukipima, kama vile manjano ya macho, mlio wa mapafu au joto lililozidi. Ugonjwa ni kasoro yenyewe ndani ya mwili, ambayo dalili na ishara huelekeza kwake bila kuithibitisha. Katika mazungumzo ya kila siku neno dalili hubeba maana zote mbili za kwanza, na hilo halina ubaya nyumbani. Wodini, hata hivyo, mwanafunzi anayeandika kwamba mgonjwa "ana homa" bila kuonyesha kama alihisi joto au alipimwa na kipimajoto amechanganya ushahidi wa aina mbili ambazo hazina uzito sawa.

Neno homa ndilo linalostahili kukaliwa kwa muda mrefu zaidi, kwa maana hakuna neno la afya linalotumiwa mara nyingi zaidi mlimani na bondeni. Kwa maana yake ya kitaalamu, homa ni kupanda kwa joto la mwili kupita kiwango cha kawaida, ambapo kipimo cha nyuzi 37.5 za Selsiasi au zaidi kwapani huchukuliwa kuwa homa, na huko kupanda kwa joto ni mwitikio wa mwili dhidi ya jambo lililouchokoza. Katika matumizi ya kawaida, neno hilohilo humaanisha kuumwa kwa jumla, mafua, maumivu ya viungo, na kwa miaka mingi limemaanisha malaria moja kwa moja. Aidha, Kiswahili kimeligeuza kuwa kichwa cha majina mengi ya magonjwa yasiyo na uhusiano wowote: homa ya matumbo ni taifodi, inayoletwa na bakteria wa kwenye chakula na maji machafu, homa ya mapafu ni nimonia, ambayo wengi huiita kichomi, homa ya uti wa mgongo ni shambulio kwenye utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo, homa ya manjano na homa ya dengi huletwa na virusi vinavyoenezwa na mbu, na homa ya ini ni hepatitisi, ambayo aina yake ya B yaweza kukaa mwilini kwa miaka mingi bila joto kupanda hata kidogo. Mwanafunzi anayesikia neno homa katika jina la ugonjwa na kudhani kwamba mgonjwa atakuwa na joto kali, au anayeona joto kali na kudhani kwamba tayari amepata jina la ugonjwa, anakosea kwa njia mbili zinazokutana.

Moshi imelipa gharama ya kosa hili hadharani, na ushahidi wake umechapishwa. Mwaka 2004 watafiti walichapisha matokeo kutoka hospitali 10 za kaskazini-mashariki mwa Tanzania, ambako wagonjwa 4,474 waliokuwa wakitibiwa malaria kali walichunguzwa damu zao upya kwa hadubini. Waliokuwa kweli na vimelea vya malaria walikuwa 2,062, ambao ni asilimia 46.1. Kisha ukaja utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliowahusu wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa mjini Moshi, katika hospitali za KCMC na Mawenzi, kati ya mwaka 2007 na 2008. Kati yao, 528 walipewa malaria kuwa jina la ugonjwa wao, lakini ambao homa yao ilitokana na malaria kwa uthibitisho wa maabara walikuwa 14 tu, yaani asilimia 1.6. Tarakimu hizo mbili, 528 na 14, zingefaa kubandikwa katika kila darasa la mwaka wa kwanza.

Waliobaki waliugua nini? Baadhi yao walikuwa na bakteria katika mkondo wa damu, hali inayoua haraka isipotibiwa kwa antibiotiki, yaani dawa zinazoua bakteria au kuzuia kuongezeka kwao. Wengine, takriban robo ya waliopimwa kwa ajili hiyo, walikuwa na zunosi, yaani maradhi yanayotoka kwa wanyama na kumwingia binadamu: leptospirosi, inayosafiri katika mkojo wa panya na mifugo, homa ya Q na bruselosi, zinazotoka kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, hasa wanapozaa au kutupa mimba, na, kwa bruselosi, katika maziwa yasiyochemshwa, na maradhi ya riketsia, ambayo mengi yake huenezwa na kupe. Hali hiyo haipaswi kumshangaza anayeijua kaya ya mlimani, ambako ng'ombe hufungwa bandani na kulishwa ndani ya kihamba, yaani shamba linalozunguka nyumba, hatua chache tu kutoka jikoni, na ambako mama wa nyumba ndiye anayekata majani, anayekamua na anayezoa samadi. Ilishangaza kwa sababu swali la mifugo halikuulizwa, na halikuulizwa kwa sababu neno homa lilikuwa limekwisha kufunga mlango. Miaka kadhaa baadaye, Julai 2022, wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi ilipopatwa na mlipuko wa ugonjwa uliowapata watu 20 na kuwaua 3, na ambao ulipothibitishwa kuwa leptospirosi uliitwa homa ya mgunda, ugonjwa huo ulionekana mgeni nchini, ilhali vipimo vya Moshi vilikuwa vimeukuta zamani.

Hapa inafaa kueleza istilahi ya utambuzi wa ugonjwa, ambayo ndiyo kiini cha taaluma nzima. Utambuzi ni hitimisho linalofikiwa kwa kuunganisha historia ya mgonjwa, uchunguzi wa mwili na vipimo, na kabla ya kulifikia, mhudumu hutakiwa kuwa na orodha ya magonjwa kadhaa yanayoweza kuleta hali ileile, kisha akayaondoa moja baada ya jingine kwa ushahidi. Orodha hiyo hutegemea pia jiografia. Katika mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni na katika mashamba ya miwa ya TPC, ambako kuna joto na maji yaliyotuama, mbu wa malaria huishi vizuri. Kadiri mtu anavyopanda kuelekea msituni, baridi huchelewesha ukuaji wa kimelea ndani ya mbu, na maambukizi hupungua sana. Kwa hiyo swali la mahali mgonjwa anapoishi, na mahali alipolala wiki mbili zilizopita, ni sehemu ya utambuzi sawa na tone la damu kwenye kioo. Tahadhari nyingine ni kwamba malaria ilipoanza kupoteza nafasi yake ya jibu la kila homa, baada ya kuenea kwa kipimo cha haraka, UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na taifodi zilianza kuikalia nafasi hiyo katika vinywa vya watu na katika vyeti vya zahanati, jambo linaloonyesha kwamba kubadili jina bila kubadili namna ya kufikiri hakumsaidii mgonjwa.

Msamiati wa viungo una mitego ya aina nyingine, kwa kuwa Kiswahili cha kawaida huunganisha vitu ambavyo anatomia huvitenga. Mshipa ndio mfano mkubwa. Neno hili hutumika kwa ateri, inayotoa damu moyoni. Kwa vena, inayoirudisha damu moyoni. Kwa neva, ambayo haina damu bali hupitisha taarifa kati ya ubongo na mwili, na ndiyo maana huitwa mshipa wa fahamu. Na hata kwa kano, inayounganisha msuli na mfupa. Mzee anayesema kwamba mshipa wa mguu unamuuma anaweza kuwa na damu iliyoganda katika vena, ambayo ni hatari kwa uhai, au neva iliyobanwa kiunoni, au kano iliyochoka kwa kupanda na kushuka mlima, na mwanafunzi hana budi kumwomba aonyeshe kwa kidole, aeleze kama ni kuwaka, kuchoma, kufa ganzi au kuuma kwa uzito, kisha ashike mguu mwenyewe.

Tumbo nalo ni eneo zima, kutoka chini ya mbavu hadi nyonga, ambamo mna mfuko wa chakula, ini, wengu, kongosho, figo, utumbo mwembamba, utumbo mpana, kibofu na, kwa mwanamke, mji wa mimba. Mwanamke akisema tumbo linamuuma, heshima humfanya mara nyingi asitaje kiungo kwa jina, hasa mbele ya kijana wa umri wa mwanawe, na mwanafunzi mwenye adabu huuliza kwa upole na faraghani, akianza na "shikamoo mama" na si na fomu. Uvimbe nao una mtego wake, kwani unaweza kuwa maji yaliyojikusanya chini ya ngozi, ambayo kitaalamu huitwa edema, au tezi iliyokua, au jipu, au seli zilizozaana bila mpangilio, ambazo nazo zaweza kuwa za saratani au zisiwe.

Ngozi inahitaji maelezo ya pekee, na Moshi ina haki ya kuyatoa. Vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya na Marekani hufafanua inflamesheni, yaani mwitikio wa sehemu ya mwili iliyoumizwa au iliyoambukizwa, kwa ishara nne za wekundu, joto, kuvimba na maumivu. Lakini katika ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi huonekana kama weusi uliozidi au rangi inayoelekea zambarau, au hauonekani kabisa, na anayeusubiri atapitwa na ugonjwa. Mwanafunzi afundishwe kutumia mgongo wa mkono kupima joto la ngozi na kulinganisha upande mmoja na mwingine. Ajifunze pia kuliacha neno upele, ambalo humaanisha ugonjwa wa ukurutu unaoletwa na utitiri na vilevile vipele vya kila namna, na badala yake aandike anachokiona: doa lisiloinuka, kipele kilichoinuka, lengelenge lenye maji, kijipu chenye usaha, gamba, kidonda au kovu, pamoja na mahali kilipo na ukubwa wake.

Kibong'oto hufundisha tofauti nyingine, iliyo kati ya maambukizi na ugonjwa. Mtu ameambukizwa pale kimelea kinapoingia na kukaa mwilini mwake. Anaugua pale kimelea hicho kinapoanza kuharibu na mwili kuonyesha matokeo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba takriban robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa bakteria wa kifua kikuu, lakini wanaougua katika maisha yao ni kati ya asilimia 5 na 10 ya hao, na wengi wa waliobaki hubeba maambukizi fiche wasiyoweza kumpa mwingine. Familia isiyoelezwa tofauti hiyo humtenga ndugu asiyestahili kutengwa, au humkumbatia bila tahadhari yule anayekohoa makohozi yenye bakteria. Neno sugu huongeza utata, kwani magonjwa sugu ni yale ya muda mrefu, kama vile kisukari na pumu, ilhali kifua kikuu sugu ni kile ambacho bakteria wake hawafi kwa dawa za kawaida, na mgonjwa wa kundi la pili akidhani yuko katika la kwanza, ataona kikohozi chake ni cha kuzoeleka na atachelewa kurudi kliniki.

Yapo majina ambayo huchelewesha matibabu kwa sababu yanaelekeza fikra kwenye chanzo kisichohusika. Kifafa cha mimba si kifafa. Ni hatua ya mwisho ya tatizo la ujauzito ambalo kwa kawaida huanza baada ya wiki ya 20, ambapo shinikizo la damu hufika 140 kwa 90 au zaidi na protini huonekana katika mkojo, kisha mama huumwa kichwa kikali, huona ukungu na hatimaye hupatwa na mtukutiko. Ndugu wanaosikia neno kifafa hutafuta historia ya ukoo au mkono wa mtu, na huku saa zinapita ambazo sindano ya magnesiamu salfeti ingekuwa imetumika kuokoa maisha mawili. Degedege vilevile ni ishara ya kitu kingine, iwe malaria iliyofika kwenye ubongo, homa ya uti wa mgongo, sukari iliyoshuka au joto kali tu la mtoto mdogo, na si ugonjwa unaojitegemea.

Viambishi vya Kigiriki vinahitaji onyo moja tu, lakini zito. Haipa- humaanisha kuzidi na haipo- humaanisha kupungua, na kwa sikio la Mswahili vinatofautiana kwa irabu moja. Katika wodi yenye kelele, agizo linalohusu haipaglaisemia, yaani sukari nyingi katika damu, likisikika kama haipoglaisemia, yaani sukari iliyoshuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, au kinyume chake, mgonjwa anaweza kupewa glukosi mahali pa insulini, au insulini mahali pa glukosi, na kosa hili la pili humuua mtu kabla ya lile la kwanza. "Sukari imepanda" na "sukari imeshuka" haziwezi kuchanganywa na yeyote, na ni afadhali zisemwe hivyo, pamoja na namba iliyosomwa kwenye mashine. Presha ya kupanda na presha ya kushuka nazo zimekwisha kutulia katika Kiswahili na hazina sababu ya kudharauliwa.

Namba zenyewe ni sehemu ya msamiati. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika na moyo wake hupiga mara 60 hadi 100. Mtoto wa chini ya miezi 2 akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, wa miezi 2 hadi 11 mara 50 au zaidi, na wa mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5 mara 40 au zaidi, upumuaji huo huitwa wa kasi, na mtoto mwenye kikohozi hushukiwa kuwa na nimonia. Mlima unasaidia kueleza namba nyingine, ya oksijeni. Mjini Moshi, kwenye mwinuko wa takriban mita 800, na kileleni Kibo, mita 5,895, sehemu ya oksijeni katika hewa ni ileile, karibu asilimia 21. Kinachobadilika ni shinikizo la hewa, ambalo kileleni hubaki takriban nusu ya lile la usawa wa bahari, hivyo kila pumzi huingiza oksijeni kidogo. Hali ya tishu kukosa oksijeni ya kutosha huitwa haipoksia, na mgeni au mpagazi aliyepanda upesi anaweza kujaa maji mapafuni au kuvimba ubongo, ambapo tiba iliyo ya hakika kuliko zote ni kumteremsha mara moja. Wapagazi wanapaswa kuelezwa haya kwa Kiswahili, kwa kuwa ndio wanaopanda mara nyingi zaidi na ndio wanaoona aibu zaidi kusema kwamba wameshindwa.

Kiswahili hakikosi istilahi za kutosha kwa kazi hii. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, limekuwa likisanifu maneno mapya muda wote huo. Kinachokosekana ni nafasi ya maneno hayo katika ratiba na katika mtihani. Mtihani wa vitendo wa mwaka wa kwanza ungeweza kumtaka mwanafunzi achukue historia ya mgonjwa kwa Kiswahili, aiandike kwa istilahi za kitaalamu, kisha amrudie mgonjwa na kumweleza kwa Kiswahili yale aliyoyaandika, huku mkufunzi akisikiliza kama maana imefika salama katika safari zote mbili. Zoezi hilo halihitaji mashine wala fedha za wafadhili.

Wakufunzi wa vyuo vya Moshi, Machame na Kibosho wanaombwa waanze nalo katika muhula unaokuja, na waanze na neno homa.